Pumzi Nilizompa Mama Yako

Kilelengwani,
S.L.P. 27,
Garsen.
20 Juni 1998

Mpendwa shemeji Abduba,

Assalamu alaykum. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na Safiya na watoto, na kwamba baridi ya Kitale haijakufikisha kuvaa sweta mbili msikitini. Sisi huku hatujambo. Mafuriko yameondoka, yametuachia matope na mbu, na mpunga umeanza kushika. Dada yako Madina mzima, bado ananisahihisha kila nikifungua mdomo, kwa hiyo ujue nyumba imetulia.

Mama yako pia ni mzima, alhamdulillahi. Nimelitanguliza hilo ili yanayofuata uyasome umekaa.

Najua umeshapata maneno kwamba mimi, mume wa dada yako, nilimshika mama mbele ya watu kivukoni. Ni kweli. Na kwamba nilimwekea mdomo wangu mdomoni. Hilo pia ni kweli. Sasa nisikilize mimi mwenyewe.

Mwezi wa tatu muuguzi mmoja wa Garsen, jina lake Rosina, alituita sisi wenye mitumbwi siku mbili, atufundishe namna ya kumrudisha mtu aliyekata pumzi. Nilikwenda kwa ajili ya marehemu Pekeshe. Wakati wa mafuriko tulimtoa majini angali na joto, tukamlaza kifudifudi juu ya mtumbwi uliopinduliwa ili maji yamtoke, kama walivyofanya babu zetu. Maji yalitoka. Roho nayo ikatoka. Rosina aliponieleza kwamba zile dakika tulizozipoteza ndizo zilizokuwa zake, sikula chakula cha mchana, nawe unanijua mimi na chakula.

Tulijifunzia kwenye gunia la pumba za mpunga. Kichwa ukirudishe nyuma, pua uibane, umpulizie pumzi mbili. Halafu viganja katikati ya kifua, mikono imenyooka, ubonyeze mara kumi na tano kwa nguvu na haraka, kisha pumzi mbili tena, wala usichoke. Mimi nilianza kwa aibu kubwa.

"Baba, hilo ni tumbo," Rosina akaniambia. "Wewe kila kitu unakitafuta tumboni?"

Wenzangu walicheka mpaka Buya akaketi chini.

Unajua mama yako hajawahi kupanda mtumbwi wangu. Mkwe ni mkwe. Zamu ikiwa yangu, yeye husubiri unaofuata, nami hugeuka kutazama ng'ambo kama mtu aliyepoteza mbuzi. Hata jina lake silitaji, na humu pia hutaliona. Basi asubuhi moja ya mwezi uliopita alipanda wa Buya. Katikati ya mto wakagonga gogo lililoletwa na mafuriko, mtumbwi ukapinduka. Buya alipiga mbizi mara tatu ndipo akampata, akamvuta hadi ukingoni nilipokuwa nimesimama. Hakuwa akipumua, na Buya mwenyewe alikuwa hoi, anatapika maji.

Watu wakapiga kelele mtumbwi upinduliwe, alazwe juu yake. Nikasema hapana. Nimepiga magoti tu, mzee Nuhu, mwadhini wetu, akanishika bega.

"Bule! Huyo ni mkwe wako! Tafuteni mwanamke!"

Shemeji, nilitazama. Wanawake tisa walikuwapo pale, na hakuna hata mmoja aliyejua. Walioitwa kufundishwa ni wenye mitumbwi, na wenye mitumbwi ni wanaume.

"Atafutwe," nikamwambia mzee. "Akipatikana nitampisha." Nikainama.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Hesabu nadhani niliiruka kutoka tisa hadi kumi na mbili. Mara ya tano kurudia, akakohoa, maji yakamtoka, akavuta pumzi. Akafumbua macho akaniona mimi, uso kwa uso, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake miaka ishirini na miwili iliyopita. Akavuta kanga, akajifunika gubigubi.

Tulimkimbiza Garsen, akalala huko siku mbili wakimwangalia mapafu. Ubavu mmoja bado unamwuma. Huo ni wangu, unisamehe.

Kutoka huko hakurudi nyumbani. Alikwenda Tarasaa kwa mdogo wake Mwanaarusi, akasema hapiti tena kivukoni watu wamtazame. Sheikh alimpelekea ujumbe kwamba kuokoa roho hakuna aibu. Akajibu, "Mwambieni sheikh, si yeye aliyefumbua macho akamkuta mkwe." Shamba lake likaota magugu, Madina akawa anapika huku analia. Nikaona nimemrudisha mama duniani, nikamfukuza kwake.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Kumgusa halikuwa kosa. Ningemgusa tena kesho. Kosa ni kwamba ukingo mzima ulikuwa na mikono yangu tu. Nimeapa kila mwanamke anayevuka mto huu atajifunza, hata ikinichukua mpaka meno yaishe. Nawe ni mwalimu: tafuta muuguzi huko, aje shuleni kwako. Usiniambie Kitale hakuna mto. Mtu hukata pumzi hata nchi kavu.

Nilianza na Madina. Wenzake waliona haya kuinamia gunia mbele yangu, basi wao hukaa jikoni, mlango umefungwa, Madina anawaweka mikono sawa, nami nakaa nje nyuma ya ukuta nikihesabu kwa sauti. Wapita njia wanasema Bule anaufundisha ukuta hesabu. Waseme.

Juzi Alhamisi nimefika saba, nikasikia sauti kutoka ndani.

"Madina! Mwambie huyo wa nje aache kusinzia. Mtu anakufa huku!"

Alikuwa mama. Amekuja kutoka Tarasaa, kapita kivukoni palepale mchana kweupe, bila kumwarifu mtu. Mkwe hajibiwi. Niliongeza mwendo tu, na gunia nikalisikia likipata kipigo ambacho halijawahi kukipata.

Buya na mzee Nuhu wanakusalimu, na Mwanaarusi wa Tarasaa pia. Mama anakusalimu sana. Salamu zake zimenifikia kupitia kwa Madina, kama inavyopasa. Mwenyezi Mungu awalinde nyote, awazidishie pumzi za kheri.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kwa dhati,
Bule