Chumba Nilichokwenda Kukukagulia

Mjukuu wangu Hodan,

Salaam aleikum. Mimi nina miaka themanini na mbili. Nimezika wake wawili, nimeendesha lori tatu mpaka zikauzwa kama chuma, nimevuka ukame ambao watu waliapa huu ndio wa mwisho wa dunia. Hata daktari aliyenikataza chai ya sukari alishazikwa, na mimi bado nakunywa. Hapa Kiwanjani, Isiolo, hakuna mzee mwingine wa umri wangu anayekwenda msikitini bila kushikwa mkono.

Barua hii naandika mwenyewe. Herufi nilijifunzia kwenye mbao za lori na karatasi za mizigo, kwa hiyo ukiona zimesimama kama ngamia kwenye foleni ya kisima, usicheke. Au cheka, hata hiyo nitashukuru. Nikipiga simu hushiki.

Nataka kukuambia habari ya kile chumba cha chuo. Ulikosa kitanda, ukakosa chuo, na sasa uko Rapsu unamwagilia nyanya za mume wako wakati wenzako wanaingia mwaka wa tatu. Mume wako ni mtu mzuri, sina neno juu yake. Neno nililonalo ni juu yangu. Nitafika hapo. Wacha nianze na sanduku.

Unakumbuka ile wiki ya sanduku? Wewe ulitaka begi.

"Awowe, siku hizi watu wanabeba begi la magurudumu."

"Magurudumu nimeendesha miaka arobaini. Yanapasuka. Bati halipasuki."

"Awowe, wewe hata kaburini utabishana na mchanga."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tukanunua sanduku la bati, la bluu, na kufuli ambalo nilijaribu kulivunja kwa nyundo mbele ya mwenye duka mpaka akanifukuza. Tukaweka blanketi, ndoo ya kifuniko, kandambili za kuogea. Karatasi ya chuo ilisema hakuna kupika chumbani. Nikasema hao watu hawajui chai, nikaweka sufuria. Ukaitoa. Nikairudisha. Ukaitoa tena, ukaificha kwa jirani.

Nyirinyiri nilipika mwenyewe, kwa sababu bibi yako alikuwa ametuacha. Nyama ya ngamia, nimeikata ndogo kama punje, nimeikausha, nimeikaanga kwa samli mpaka nyumba yote ikanukia. Hakuna mwanamke Isiolo angeikosoa. Nikajaza mikebe miwili, mkubwa na mdogo.

Na jioni, tukiwa tumekaa juu ya hilo sanduku, nilikufundisha kuishi chumba kimoja na mtu usiyemjua. Nilisema msalimie wewe kwanza. Siku ya kwanza kula naye. Uliza jina, kabila litakuja lenyewe.

"Na kama anakoroma?"

"Wewe koroma zaidi."

Kwa kula na kulala na watu wageni, nani angekufundisha kunishinda? Nimelala chini ya lori na watu wa lugha saba.

Sasa, chumba. Wewe ulikuwa huna laini ya simu, ukajaza fomu kwa namba yangu. Chuo kikasema kitanda kimepatikana. Watatuma namba za siri kwenye simu, na mwisho wa kuziingiza ni Ijumaa saa kumi jioni. Asipoingiza mtu, kitanda anapewa mwingine. Ulinieleza mara tatu. Nilielewa mara ya kwanza, wewe ndiye hukuamini.

Lakini mimi ni mtoto wa watu wa mifugo. Kwetu hakuna anayehamisha ngamia kwenda mahali ambapo hajatuma mtu wa sahan. Huyo anatangulia peke yake. Anaangalia majani, anaonja maji, anatazama majirani ni nani. Akirudi anapewa maziwa, na mpaka amalize kunywa hakuna anayemuuliza kitu. Habari haitumwi njiani, inaletwa kwa mdomo wake. Nilifanya sahan tangu sijaota ndevu, na sijawahi hata mara moja kupeleka watu mahali pabaya. Basi nikasema mjukuu wangu hatakubali chumba ambacho hakuna macho yetu yaliyokiona.

Alhamisi asubuhi nikaondoka na simu yangu ya kabambe mfukoni. Ulinisindikiza mpaka barabarani.

"Awowe, usizime simu. Nitakupigia kwa simu ya jirani, namba zikija unisomee."

"Nitakusomea."

Nilizima kabla ya kupita mizani ya malori. Mtu wa sahan hasemi njiani. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Chuoni, kule juu mlimani, mlinzi alinikataza geti. "Mzee, hapa ni ya wasichana." Nikakaa chini papo hapo kwenye geti lake. Akamwita mama anayesimamia mabweni, Mama Kendi, Mmeru mnene mwenye funguo nyingi kiunoni. Akaniambia wanafunzi hawafiki mpaka Jumatatu, akanipandisha ngazi pole pole, akanifungulia. Nikageuza godoro nikitafuta kunguni. Nikachungulia chini ya kitanda.

"Mzee, hata polisi hawakagui hivi," akasema.

"Polisi hawana mjukuu kama wangu."

Usiku huo nililala msikitini, na Ijumaa ningefika nyumbani saa sita mchana. Nilikutana na madereva wa zamani kwenye hoteli ya stendi, wazee tuliopita nao barabara ya Moyale ikiwa bado mawe. Nikaanza kuwaambia habari zako. Nikawaambia mjukuu wangu anakwenda chuo kikuu na chumba chake nimekikagua kwa mkono huu. Chai ikaongezwa. Nikarudia. Nilikuwa na utamu mdomoni, Hodan, sikuweza kusimama. Nililala kwa mmoja wao. Jumamosi asubuhi ndipo niliporudi.

Ulikuwa umesimama mlangoni. Macho yalikuwa yamevimba.

"Awowe, simu iko wapi?"

"Wacha ninywe kwanza."

Ukaniletea maziwa. Ukasimama ukinitazama nikinywa kikombe kizima, na mimi nilikunywa pole pole, kama mkubwa. Halafu nikawasha simu. Ikalia, ikalia tena, ikalia tena. Ulisoma zote, ukaiweka simu juu ya sanduku. "Imeisha," ulisema. Hukulia. Ningependa ungelia.

Baba yako Abdi akaniuliza, "Mzee, kule pakoje?"

Nikasema pabaya.

Nikasema maji hakuna, wezi wamejaa, hata kitanda kikipatikana si pa kumweka msichana. Abdi ananiamini kuliko anavyoamini redio. Akasema basi, kama mzee ameona hivyo, hakuna mtu anayekwenda, awe analala ndani ya chuo au nje. Jioni ukaanza kutoa vitu sandukuni, na ukauliza mkebe mdogo wa nyirinyiri umekwenda wapi. Nikasema sijui.

Sasa nakupa habari ya sahan, ile ya kweli. Chumba kiko orofa ya pili, mlango wa kumi na moja. Vitanda viwili, chako kilikuwa cha dirishani. Jua la asubuhi linaingia, na upande huo ukisimama unaona chini kabisa, huku kwetu. Maji yanatoka, niliyaonja, ni matamu kuliko ya Isiolo. Kunguni hakuna hata mmoja. Na Mama Kendi aliniambia kwamba vitanda visivyochukuliwa vinagawanywa Jumatatu kwa msichana atakayefika mwenyewe asubuhi. Nilijua hilo nikiwa nakunywa yale maziwa. Tulikuwa na siku mbili. Ningefungua mdomo kusema kosa ni langu, ungefika. Sikuweza. Miaka themanini hakuna mtu aliyenisikia nikisema hivyo.

Siombi urudi. Chuo kilishafunga jina lako, mtoto wako anaanza kutambaa, na mimi sina siku za kurekebisha kitu. Abdi bado hajui. Msomee hii ukitaka. Sanduku liko chini ya kitanda changu, tupu, silifungui.

Ukidhani hata haya ni maneno ya mzee mwongo, muulize Mama Kendi wa mabweni. Atamkumbuka Msomali mrefu aliyegeuza godoro, akamkabidhi mkebe mdogo wa nyirinyiri na kumwambia, "Mwekee msichana wangu, anakuja Jumatatu." Muulize kama mtu wa sahan huacha chakula cha mtoto wake mahali pabaya.

Mimi, awowe yako wa Kiwanjani.