Saa Nzuri ya Kuteka Maji Kiriba

Bunda, 12 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mpe baba shikamoo yake, na bibi pia. Mguu wake unaendeleaje? Mimi mzima, ila jua la huku limeniunguza mpaka utanicheka.

Najua mlinitegemea likizo hii kwenye mihogo. Dokta Burito, mwalimu wangu wa chuo, amenichukua kwenye utafiti wake wa kichocho. Unajua nilivyoukosa udaktari baada ya kidato cha sita nikaangukia sayansi ya wanyama. Mwakani nikikaribia kumaliza shahada naomba tena, na chuo ninachokitaka kinawaita waombaji kwenye usaili. Waliotangulia wanasema pale maksi zinafanana. Wanachotaka kujua ni kama umewahi kutafuta mwenyewe jambo ambalo halimo kitabuni.

Kazi yenyewe ni hii: tunavaa mabuti marefu, tunaokota konokono kwenye matete ya ziwa. Kila mmoja anawekwa kwenye kichupa cha maji safi, vichupa vinaanikwa juani, halafu unaangalia kwa hadubini. Konokono mwenye vimelea vinamtoka vikiogelea, vina mikia iliyogawanyika kama panda. Hivyo ndivyo vinavyomwingia mtu ngozini, mama. Siku ya kwanza kuviona nilisahau kula.

Barua anakuletea mama mdogo Flora akija kuchukua dagaa, maana nasikia simu ya baba ilizama ziwani.

Mwanao,
Hyasinta

Kiriba, 28 Julai 2024

Mwanangu Hyasinta,

Marahaba, na Bwana asifiwe. Mguu wa bibi umepoa, sasa kilichobaki ni mdomo, anagombana na kila apitaye. Baba yako alisema alimsomesha mtoto biolojia, hakumsomesha kuokota konokono. Lakini barua yako kataka nimsomee mara mbili.

Nina swali. Umesema vichupa mnaanika juani. Bila jua hivyo vidudu havitoki? Nauliza kwa sababu hapa mwaloni asubuhi wavuvi ndio wanashusha samaki, sisi wanawake tunatekaga maji na kufua jua likiwa utosini. Watoto nao wanaoga saa hizo hizo. Shuleni wanamezeshwa dawa, mwaka ukigeuka wanaumwa tena matumbo. Je, kuna saa nzuri ya kuteka maji?

Kula vizuri.

Mama yako,
Selestina

Butiama, 9 Agosti 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hatujambo, tumehamia Butiama, maabara tunayotumia iko huku.

Swali lako nililitoa tukiwa mezani. Dokta Burito aliacha ugali ukapoa. Anasema vitabuni imeandikwa vimelea hutoka zaidi jua likipanda, lakini mwaloni kwetu hakuna aliyepima. Kaniambia, "Hilo sasa ni swali lako. Lifuate." Mama, sijalala vizuri tangu hapo kwa kuliwaza.

Nataka kuja Kiriba nipime asubuhi, mchana na jioni. Kijiji lazima kikubali kwanza. Tafadhali mwone mwenyekiti, Mzee Masatu.

Mwanao,
Hyasinta

Kiriba, 24 Agosti 2024

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa wenzako. Sisi wazima.

Mkutano umefanyika, haukuwa mwepesi. Masatu alisema watu wa utafiti walishakujaga hapa, wakachukua choo cha watoto wetu kwenye vikopo, wakashukuru, hawakuonekana tena. Hatukuambiwa nani mzima nani mgonjwa. Watu wakaguna. Rebeka wa jirani akauliza huwa wanakipeleka wapi, wengine wakaanza kusema kinauzwa.

Basi nikasimama. Nimesema, "Huyu atarudi kutuambia alichokiona. Asiporudi, mimi nipo hapa, mtaniuliza mimi."

Wamekubali. Kitanda chako nimekitandika.

Mama yako,
Selestina

Kiriba, 15 Desemba 2024

Hyasinta,

Unaendeleaje mwanangu? Hapa wazima, mvua imezidi.

Septemba yote ulikuwa hapa, mpaka mvua za Oktoba zikakukuta. Hata baba yako alikubebea vichupa, nami nikafurahi. Ukaondoka. Barua hakuna. Masatu ananiuliza kila Jumapili tukitoka ibadani, na haulizi kwa ubaya, jambo ambalo linaniuma zaidi. Flora naye anasema alikuona stendi ya Bunda ukageuza uso.

Umepatwa na nini?

Mama yako

Bunda, 22 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Mwili mzima, roho ndiyo si nzima.

Uliona mwenyewe maji yalivyojaa. Matete yalizama, konokono wakasombwa. Waliobaki walikuwa wachache, na karibu wote hawakuwa na vimelea. Kwa wachache hao siwezi kusema asubuhi ni bora kuliko mchana, wala kukataa. Dokta Burito anasema hayo nayo ni matokeo, ameyaandika hivyo hivyo. Lakini mimi nitasimama vipi mbele ya watu waliokuamini wewe niseme sijui? Na kwenye usaili nitawaambia nini? Flora nilimkimbia, ni kweli. Mwambie anisamehe.

Mwanao,
Hyasinta

Kiriba, 2 Januari 2025

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Sikuwaahidi jibu zuri. Niliwaahidi wewe. Mkutano ni Jumamosi ijayo, baba yako atakupokea Musoma.

Mama yako

Nyakato, Musoma, 14 Mei 2025

Mama yangu, na baba yangu,

Shikamooni. Nawaandikia nikiwa kwa mama mdogo Flora, ambaye amenichinjia kuku na kunikumbusha stendi ya Bunda kati ya kila kipande.

Wamenichukua, mama. Nikimaliza shahada salama Julai, Oktoba naanza udaktari.

Kwenye usaili walikuwa watatu. Walioingia kabla yangu walitoka wakisimulia matokeo yao makubwa. Waliponiuliza utafiti wangu nikawaeleza swali lilikotoka, kwamba ni la mama yangu, na jinsi nilivyopima. Mmoja akauliza nilipata nini. Nikasema mvua ilinikatiza, sikupata cha kutosha. Akaniuliza kama basi utafiti ulishindwa. Nikasema swali bado liko pale pale mwaloni, na watu bado wanateka maji mchana.

Wakaandika kwenye karatasi zao. Nilidhani ndio mwisho, nikashika mkoba wangu. Ndipo mama aliyekaa katikati yao akauliza kama wanakijiji wanayajua hayo. Nikamwambia nilirudi Januari nikawaeleza mimi mwenyewe, mbele ya mwenyekiti.

"Uliwaambiaje?"

"Niliwaambia sijui."

"Nao wakasemaje?"

"Wakaniuliza nitarudi lini."

Mwambieni Mzee Masatu ni Julai, matete yakiwa yameota tena.

Mwanenu,
Hyasinta