Mbwa Aliyeniuma Si Yule Niliyemtaja

Jumapili. Mvua imenyesha tangu misa ya kwanza na ua wote ni tope jekundu. Mkono wangu wa kulia umefungwa bandeji, kwa hiyo naandika kwa kidole kimoja cha kushoto, polepole. Labda ni afadhali. Haya si mambo ya kuandika haraka.

Hapa nyumbani Kicukiro tuna mbwa watatu wakubwa. Mwamba ni wangu. Nilimleta akiwa anaenea ndani ya kofia. Sasa ana miaka tisa na kichwa kama cha ndama. Keza, jike wa rangi ya kahawia, alimfuata miaka minne baadaye. Wa tatu ni Tanki, mweusi tii, wa shemeji yangu Olivier. Olivier alipopata kazi Kanada hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Mke wangu Diane, ambaye ni dada yake, alisema mbwa watatu si shida, ua ni mkubwa.

Ua si mkubwa. Sikusema.

Watu hudhani kazi ya kufuga mbwa wengi ni chakula. Chakula ni kupika tu: sufuria kubwa ya ugali wa kawunga, dagaa, na mifupa siku ambayo mwenye bucha ameamka vizuri. Kazi yenyewe ni milango. Lazima ujue nani anapita kwanza, nani haguswi akila, nani akae upande gani wa ngazi. Kwa miezi saba nilijua. Mwamba alitangulia, Keza akafuata, na Tanki alikubali kuwa wa mwisho bila hata kunguruma.

Alhamisi asubuhi utaratibu huo ulivunjika. Mama mkwe, anayeishi nasi tangu alipotoka Bujumbura, alifungua mlango wa jikoni amwage maji. Mwamba alikuwa amelala kizingitini. Siku hizi huinuka kwa shida, nyonga inamsumbua. Nimeliona hilo kwa muda na kulinyamazia. Tanki alipita mbio akamgonga kiunoni. Mwamba aligeuka, na kabla sijaweka kikombe mezani walikuwa wameshikana. Keza akawa anawazunguka akibweka. Binti yetu Ineza, ana miaka sita, alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, viatu vya shule mkononi, macho ameyafumba.

Nilifanya jambo ambalo kila mwenye mbwa anajua halifanywi. Niliingiza mkono katikati.

Tanki aliachia mara tu aliposikia sauti yangu, akarudi nyuma. Mwamba hakuachia. Meno yake yaliingia chini ya kidole gumba. Sidhani alijua ni mimi. Alipojua, alilala chini akageuza uso.

Diane alitoka bafuni akakuta damu sakafuni.

"Ni nani amekuuma?"

"Tanki," nikasema.

Nililirudia jina hilo katika kituo cha afya. Muuguzi aliniosha jeraha kwa sabuni na maji muda mrefu, akanidunga sindano, akauliza kama mbwa amechanjwa. Nilimwambia wote wamechanjwa, na hilo lilikuwa kweli. "Basi afungwe, mmwangalie siku kumi," akasema. "Akibadilika tabia, rudi haraka."

Hivyo Diane akamfunga Tanki stoo. Usiku akampigia kaka yake simu huku analia, wakakubaliana mbwa atafutiwe kwingine. Akapatikana bwana mmoja wa Remera mwenye ghala, mwenye nafasi ya kumtenga mpaka siku kumi ziishe. Angekuja kumchukua leo saa tisa alasiri.

Siku tatu nilimsikia Tanki akikwaruza mlango wa stoo, nikawa nakunywa chai.

Nilijiambia si mbwa wangu, alikuja kama mgeni, akiondoka nyumba itatulia. Lakini najua kwa nini nilisema vile. Ningemtaja Mwamba, swali linalofuata lingekuwa juu ya Mwamba: mbwa mzee, mwenye maumivu, anayeuma, katika nyumba yenye mtoto, aachwe hai? Sikutaka mtu yeyote aulize swali hilo.

Kwetu mama mkwe na mkwe wana adabu zao. Mama hajawahi kunipinga. Nikiingia sebuleni hupunguza sauti, na jambo lake kwangu hulipitisha kwa bintiye. Leo Diane na Ineza walipokwenda misani nilibaki, nikisingizia mkono. Mama aliniletea chai, akaiweka, na hakuondoka.

"Papa Ineza."

"Ndiyo, Mama."

"Siku ile, ile mbwa nyeusi ilikuwa iko nyuma yangu. Iliniegemea miguu. Ilikuwa inatetemeka."

Akachukua sinia akarudi jikoni. Hakumtaja Mwamba. Hakusema atamwambia bintiye. Ndipo nilipoelewa kwamba kwa siku tatu aliubeba ukweli huo ili asinivunjie heshima mbele ya mke wangu.

Diane aliporudi nilikuwa namngoja barazani. Nilisema kabla hajavua viatu, kwa sababu angekaa ningeogopa. Ineza alikuwa ameshaingia ndani.

"Ni Mwamba."

"Mwamba amefanya nini?"

"Ndiye aliyeniuma. Tanki hakunigusa."

Aliutazama mkono wangu, kisha akautazama mlango wa stoo.

"Na ulinisikia nikilia kwa simu na Olivier."

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Hakupiga kelele. Alitoka kwenye mvua na nguo zake za misa, akamfungulia Tanki mwenyewe. Mimi nilimpigia bwana wa Remera nikamwambia asije. Baadaye nilimsikia Diane akiongea na kaka yake. "Hapana," alisema, "tatizo si mbwa." Halafu akafunga mlango.

Sasa Mwamba ndiye yuko stoo. Kesho daktari wa mifugo anakuja kumwangalia nyonga. Jumanne fundi wa kuchomelea atapima geti la kuugawa ua. Ineza hatakaa uani na Mwamba hata dakika moja. Na daktari akisema maumivu hayatibiki, swali nililolikimbia litaulizwa mezani, na Diane atakuwa wa kwanza kulijibu.

Mama asingeleta chai ile, gari la Remera lingefika saa tisa, na ningesaidia kumpandisha Tanki kwa mkono wangu mzima. Ningependa kuandika kwamba ningesema ukweli kabla gari halijaondoka. Sentensi hiyo nimeiandika mara mbili, na mara zote mbili nimeifuta.