Ngitili Ilipokosa wa Kuifunga

Baba,

Mwadila. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila kukusalimu utaninunia hata huko uliko. Ni mimi Minza wako, nipo Bariadi, kwenye kile chumba ulichokisema kuwa kina madirisha madogo mno kwa mtu mwenye mapafu. Mvua za kwanza zimenyesha wiki hii, na nimekukumbuka mpaka kifua kinauma. Zikinyesha tu, ulikuwa unanipigia simu na kupayuka kana kwamba Mwamapalala hakujafika mtandao, ukiniita mama kama kawaida yako: "Mayu, leo nafunga ngitili!" Kisha unakata, hata hujauliza kama nimekula. Mwaka huu niliiweka simu mezani nikaitazama, mtu mzima mimi, nikiisubiri iite.

Nikueleze ya nyumbani, maana hayakwenda vizuri. Mwaka jana ngitili haikufungwa, majani yetu ya akiba ya kiangazi hayakupata wa kuyakinga na ng'ombe.

Usimkasirikie mwanao Masanja. Ulituacha kiangazi kikali, na watu wakaja kukuzika kutoka Dutwa, wengine kutoka mbali kama Mwanhuzi. Wenye mikokoteni walifungua maksai wao na kuwaingiza kwenye ngitili, kama inavyotakiwa. Ng'ombe wa mtu aliyekuja msibani hanyimwi majani. Matanga yakaisha. Mvua zikaja, na majani mapya yakaanza kuchomoza, lakini ng'ombe wakaendelea kuingia, wetu na wa majirani. Kila mtu alijua kwamba wakati wa kuyaacha majani yakue umefika. Ila mfungaji ulikuwa wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unatoa ng'ombe wako kwanza, unawapitisha njia kubwa asubuhi watu wakiona, ndipo na wao wanatoa wao.

Masanja aliona haya. Aliniambia, "Dada, nitafungaje? Wataona nawafukuza watu waliokuja kumlilia baba." Majirani nao wakasema wanawasubiri wafiwa. Tukaheshimiana hivyo hivyo, baba, mpaka majani yakaisha.

Kiangazi kilichofuata, palibaki udongo na migunga tu. Maksai walikonda hata plau ikawashinda. Mayu Holo, yule jirani yetu mjane uliyekuwa unamruhusu kuingiza ndama wake kabla ya watu wengine, hana ndama hata mmoja sasa. Hakumlaumu mtu. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Angekuwepo baba yenu." Nilimpa uji, akanywa, akaondoka.

Ndipo akatokea mtu anayetaka kukodi eneo lote alifyeke, alime pamba. Alisema ardhi ile imelala bure. Masanja alinipigia, na kwa sauti yake nilijua ameshakubali nusu. Hata ofisini kwetu, mwenzangu wa mipango, kijana mwema aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, aliniuliza kwenye mpango wa matumizi ya ardhi tuandike nini kuhusu ngitili, maana majani yasiyouzwa sokoni yana thamani gani. Nilitaka kumcheka, nikaishia kulia mbele yake. Nilimwambia thamani yake utaiona mwezi ule ambao hayapo, maksai wakilala chini wakati wenzao wanalima, na mjane akiwa hana cha kukamua. Pamba ina bei yake na siikatai. Lakini bei ile angeipokea Masanja, na hasara ingemfuata Mayu Holo. Kijana wa watu alifuta alichoandika, akanisikiliza upya.

Sasa na wewe nikuseme kidogo. Nilikuomba mara ngapi tuipeleke ngitili kwenye mkutano wa kijiji, iwekewe sheria ndogo? Ulicheka. Ukasema, "Watu wangu wana haya, karatasi ya nini?" Kweli walikuwa nayo, baba. Haya hiyo ndiyo iliyotumaliza. Nimekukasirikia nikipika, nimekukasirikia nikiwa kanisani, na kila nikikukasirikia nazidi kukutamani, maana hasira hii ilikuwa tuimalize mimi na wewe, unitanie, niishiwe maneno.

Juzi nilikwenda nyumbani. Nikamwambia Masanja, "Kama wewe unaona aibu, nafunga mimi." Akanijibu taratibu tu, bila ubaya, kwamba mwanamke hafungi ngitili. Asubuhi nikavaa mabuti, nikaingia kwenye ngitili kumtoa yule ng'ombe wangu mmoja uliyenipa nilipopata kazi. Mmoja, baba! Nilijiona mjinga, napita njia kubwa kwenye manyunyu na ng'ombe mmoja ambaye hataki kutoka, watu wamesimama milangoni. Kisha Mayu Holo akaja nyuma yangu na fimbo yake. Hakuwa na mnyama wa kutoa. Alitembea akiswaga hewa, akipiga mluzi kama zamani, uso mkavu kabisa.

Hakuna aliyecheka. Tulipofika karibu na kisima nikasikia kwato nyingi nyuma yetu. Masanja alikuwa anatoa zizi lote. Mpaka jua linapanda, majirani walikuwa wametoa wao, na yule mtu wa pamba ameshaambiwa akatafute kwingine.

Ningekupigia simu saa ile ile.

Nakuahidi nitasimama kwenye mkutano wa kijiji mpaka sheria ndogo ipite, na wajane wawemo kwenye kamati ya kufunga na kufungua. Jina lako halitaandikwa humo. Nilitamani liwemo, nikakataa mwenyewe, maana sitaki watu wakae tena wakimsubiri mtu aliyelala kaburini. Itafungwa na yeyote ambaye zamu yake imefika, hata kama hakukujua.

Wabeja, baba, kwa kila kiangazi ulichotuvusha. Pumzika. Nitahakikisha ngitili haikuhitaji tena. Mimi bado nakuhitaji.

Mwanao,
Minza