Mkono wa Mashine

Dumaguete, Jumamosi

Dada Perlita,

Shikamoo. Jana nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Nitakwambia, ila nivumilie kidogo. Kifua chako kimepona? Sisi hatujambo. Mama amekukaushia samaki, shangazi atakuletea.

Umesikia kwamba Baba amecheza sataranji na kompyuta? Aliyeileta ni kijana wa chuo, mhandisi Villaluz, aliyeiandikia programu mwenyewe. Walikutana saluni kwa Baba kupanga sheria. Villaluz alikubali kutoigusa programu mchezo ukishaanza. Mimi nikachaguliwa kusoma skrini, kusogeza kete za mashine na kuiandikia kila hatua ya Baba, kwa kuwa maandishi yake ni ya Kiingereza, nami nakijua cha shule. Villaluz akauliza itakuwaje kuhusu kete iliyoguswa, maana mashine haina mkono. Baba, wembe mkononi, akasema mkono wa binti yake ndio mkono wa mashine: ukigusa, umecheza. Wateja wakacheka, mmoja akamwambia ainyoe kabisa hiyo kompyuta.

Jana ukumbi ulijaa. Unanijua, nikitazamwa natetemeka. Skrini ikaandika farasi, mimi nikashika ngome. Baba akapaza sauti: "Umegusa, binti! Cheza hiyo hiyo!" Villaluz akafumba macho tu. Ngome ikaliwa, na watu wakasema bora mashine ingetafutiwa mbuzi wa kuisaidia.

Hata hivyo ikajitutumua, ikambana Baba mpaka jasho likadondokea miwani yake. Ndipo akamshika malkia wake. Dada, alimwinua kabisa. Akaona popote atakapompeleka ataliwa, akamrudisha polepole, akasogeza mfalme. Villaluz alikuwa ameinamia nyaya nyuma yangu. Watu walikuwa wanatazama ubao mkubwa ukutani, ulioonyesha mchezo. Mashine haina macho. Macho yake yalikuwa mimi. Baba aliniangalia. Nikaiandikia mashine kwamba mfalme amesogea, nikanyamaza.

Baba akashinda, wakambeba mabegani. Villaluz alinishukuru, akaniomba radhi eti amenichosha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kwa kuwa imeshindwa, chuo kimeshamwambia arudishe kompyuta yao, na kesho, kwenye sikukuu ya mtakatifu wetu, meya anamkabidhi Baba kikombe.

Nimwambie nani? Najua jibu lako litafika kikombe kikiwa tayari kabatini. Wasalimie wauguzi wenzako, na usisahau kunywa dawa.

Mdogo wako akupendaye,
Nenita

Nasikia kandambili za Baba ngazini. Ananiita nikamchagulie shati la kesho. Tangu nianze barua hii, kila mlango ukilia naisukuma chini ya godoro. Sasa yuko mlangoni. Naiacha hapa mezani, maandishi juu.