Mama Rehema, Unga Haukufika Kilo

Mama Rehema,

Nilitaka kuanza na "mpendwa", nikaona sina haki ya neno hilo tena. Nimeandika mistari miwili nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi. Kukaa siwezi. Nisiposema leo sitasema.

Ni yale maandazi ya Mikumi.

Unakumbuka ile hoteli ilivyokuita ukapike kwa majaribio? Wakasema jikoni kwao kila kitu kinapimwa kwa mizani, na wewe maisha yako yote unapima kwa kikombe cha bati. Ukaniambia, "Baba Rehema, wewe umefika fomu foo, nigeuzie hii iwe kilo." Nikajaza maji kikombe, nikaenda kuyapima dukani kwa jirani, yakaja robo kilo. Basi nikaandika vyote hivyo hivyo. Kikombe cha maji robo, cha sukari robo, cha unga robo. Vikombe vyako vinne vya unga vikawa kilo moja.

Uliisoma ile karatasi umesimama, kanga begani.

"Kilo nzima? Mbona unga wangu haufiki huko?"

"Umewahi kuupima?"

"Kwa mkono."

"Mkono siyo mizani. Wewe nenda."

Ukacheka, ukaniita mwalimu, ukaenda kupanda gari.

Ulirudi jioni na maandazi yako kwenye mfuko. Ukanieleza unga ulikuwa mgumu tangu unakanda, ukatamani kuongeza maji, ukaogopa kwa sababu karatasi yangu haikusema hivyo. Mpishi mkuu akaligonga andazi moja mezani mbele ya wenzake: "Mama, haya ya kula au ya kujengea?" Wakacheka wote. Ukaniuliza, "Au ni mimi?"

Nikasema, "Labda."

Wiki ile ile nilinunua nusu kilo ya unga, nikajifungia chumbani na kile kikombe. Kama hesabu yangu ilikuwa sawa, ingejaza vikombe viwili. Ilijaza vinne. Nilikuandikia unga mara mbili! Na mimi nimefanya kazi mashineni Tindiga, nimebeba debe la mchele na debe la pumba kwa bega hili hili. Debe ni lile lile, uzito mbali kabisa. Nilijua, sikufikiri. Halafu nikanyamaza, maana nilishatamba mtaa mzima hapa Kilosa kwamba mke wangu anaenda hotelini na hesabu zangu.

Nikakuangalia unavyoacha kukanda. Idi ikija ukawa unanunua maandazi ya watu. Tukaanza kugombana kwa vitu vya ovyo, chumvi, mlango, mpaka ukarudi kijijini kwenu, Ulaya ya hapa hapa Kilosa. Hata siku ile unafunga mizigo, maneno haya nilikuwa nayo mdomoni.

Sasa Rehema wetu amefungua mgahawa Mikumi, pale wanaposimama madereva wa malori. Amekuomba mara mbili uende umkandie. Ameniambia ulivyomjibu: "Mwanangu, mimi na kupima tuliachana." Tangu nisikie hivyo situlii. Nalima tuta nusu, naweka jembe. Kwa jibu hilo mtoto sasa anaamini mama yake hawezi, na wewe unaamini hivyo hivyo, na anayejua ukweli ni mimi peke yangu.

Ulichekwa mbele za watu. Ndiyo maana nimemwambia Rehema aiweke barua hii kwenye grupu la ukoo, kaka zako waisome, mama mkwe asomewe. Shikamoo yake naituma. Asipoitikia nitaelewa.

Siombi turudiane, sina uso wa kuomba hilo. Nataka ujue tu kwamba uliona kosa kabla hujatoka mlangoni, ukaniamini mimi ukaacha kujiamini wewe. Mimi nikaliona baada ya siku chache, nikakuachia ulibebe.

Rehema anasubiri. Mimi usinijibu. Mjibu yeye.

Niliyekukosea,
Baba Rehema