Chupa Kwapani

Matrah, Jumatano, Juni 1969

Leo tena Kaka Nasor kavaa koti lake la sufi, na joto hili la kuunguza nyayo. Chupa ya maji kaibana kwapani, mdomo chini. "Yasigande," ananambia.

Wiki ya pili hii tangu arudi kutoka Kanada, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alasiri mama alipotoka, nikamuuliza mimi.

Kule wakiendesha pikipiki za theluji, yeye na mwenzake. Barafu huanzia juu, ndiyo maana chupa hupinduliwa, mdomo usizibe. Siku moja mwenzake aliacha yake nje ya koti, maji yakawa jiwe. Ya kaka ilikuwa vuguvugu bado.

"Akaniomba. Nikamwambia angoje tufike kambini. Alikufa njiani."

Kisha akamimina kikombe, akakiweka mkekani, mbele ya pahala patupu.

Nlipokiinua nikakioshe, vidole vilinatana nacho. Juu ya maji palikuwa na utando wa barafu. Nnaogopa hata kuliandika hili.

Nikamwambia, "Nitajie jina lake, kaka, tumuombee."

Akatazama nyuma ya bega langu.

"Muulize mwenyewe."